Shali za Musinzira

Mjomba Crispin hakuwa mtu wa umbeya, na hilo ndilo lililomtia Anisia baridi. Angekuwa mtu mwingine, angemcheka na kuendelea kufuma. Lakini Crispin, mdogo wake mama, alirudi kutoka Gitega alikopeleka maharage kwa lori, akaketi uani pale Giteranyi, akanywa kikombe kizima cha maji, ndipo akasema huku anatazama viatu vyake:

"Anisia, ile shali ya zambarau uliimaliza lini?"

"Ipi, mjomba?"

"Yenye msuko katikati. Msuko unaolalia kushoto."

Sindano zikasimama mikononi mwake. Msuko ule ulikuwa wake peke yake. Anisia alifuma kwa mkono wa kushoto, na vitanzi vyake vilipishana kinyume na vya wafumaji wote aliowahi kuwaona, tangu kambi ya wakimbizi ya Ngara, Tanzania, alikokulia, mpaka soko la Muyinga huku Burundi. Na shali ya zambarau hakuifuma kwa kuuza. Alimpa Chabani ampelekee mama yake, Bi Zaituni, ajifunike nayo asubuhi za baridi ya kiangazi. Ilikuwa salamu ya binti anayetaka kupokelewa.

"Nimeiona Musinzira, pale Gitega," Crispin alisema. "Nilikuwa nashusha magunia. Nikamwona Chabani anaingia nyumba yenye mlango wa kijani, bila hodi, kama mwenye nyumba. Mwanamke aliyempokea alikuwa ameivaa."

"Mama mtu mzima?"

Crispin alisita. "Hapana, mpwa wangu. Kijana. Na mzuri, nisikudanganye."

Mama yake Anisia, Theodosia, alitoka jikoni na mwiko mkononi. Hakupandisha sauti. Theodosia hakupandisha sauti kamwe.

"Nilisema mimi," alisema. "Sisi tumerudi juzi na vyungu vyetu kichwani. Wao wana maduka Muyinga tangu enzi za babu zao. Dini mbali, mali mbali. Kijana wa namna ile akimfuata binti aliyekulia kambini, ana lake jambo."

"Mama, Chabani hayuko hivyo."

"Basi yukoje?"

Anisia aliinamia sindano zake, akafuma kitanzi kimoja, akakifumua.

Yukoje Chabani? Alikutana naye sokoni Muyinga, kwenye marundo ya mitumba. Anisia hununua masweta ya zamani, huyafumua, huosha nyuzi, huzitia rangi na kuzifuma upya. Siku ile alikuwa amechomoa uzi kwenye sweta moja, akauchoma kwa kiberiti na kuunusa. Mwenye mzigo, kijana mrefu mwenye kofia nyeupe ya darizi, alimtazama kwa macho makubwa.

"We dada, unataka kuniunguzia boutique?"

"Natafuta sufu. Sufu ikiungua hunuka kama nywele. Hii ni plastiki tupu."

Chabani alicheka mpaka akashika tumbo. Tangu siku ile alimwekea masweta ya sufu pembeni, na kila alipompa alikuwa tayari amechoma uzi mmoja na kuunusa mwenyewe. Alipenda kumtania kwa Kiswahili chake cha Tanzania. "Unaongea kama redio," alimwambia. Naye Anisia alipenda jinsi alivyomsikiliza, ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza mvua ikija kwa mbali. Baadaye akajitolea kumpelekea shali zake Gitega, ambako baridi ya mwezi wa sita inauma kuliko Muyinga. Kila aliporudi, Anisia alimuuliza kabla hata ya salamu, "Zimeuzwa?" Na kila mara alijibu, "Zote. Wamama za Gitega wanazigombania."

Jioni ile alipanda kilimani kwenye mtandao, akampigia simu.

"Uko wapi, Chabani?"

"Niko kwa kazi, chérie. Juu ya nini unauliza?"

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo wa cherehani, ukienda na kusimama, ukienda na kusimama. Kisha mwanamke akacheka.

"Nani huyo?"

"Nani? Aa, watu tu. Iko kelele hapa."

"Ile shali ya mama yako, anaipenda?"

Cherehani ilienda na kusimama tena kabla hajajibu. 

"Anaipenda sana," Chabani alisema.

Asubuhi Anisia alishuka Muyinga kwa baiskeli ya kukodi, akapanda gari la Gitega. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Atasema hivi, yule mwanamke atajibu vile, naye atamalizia kwa hili. Aliposhuka Musinzira, baridi ilimpiga usoni na maneno yote yakamtoka.

Mlango wa kijani ulikuwa wazi. Barazani palikuwa na cherehani, na nyuma yake ameketi mwanamke wa rika lake, shingo ndefu, macho yaliyopakwa wanja kwa mkono wa mtu mwenye subira. Shali ya zambarau ilikuwa begani kwake. Crispin hakuongeza chumvi. Mwanamke yule alikuwa mzuri.

"Karibu. Unatafuta kushonesha?"

"Namtafuta mwenye shali hiyo."

Mwanamke akajitazama begani. "Hii? Enfin, haiko yangu. Iko baridi tu, njo maana nimeivaa." Kisha akaona mkono wa kushoto wa Anisia ulivyoshika mfuko, akaona sugu ya sindano kwenye kidole cha shahada, akainuka. "Yoo! We njo Anisia."

"Unanijuaje?"

"Chabani hana hadithi ingine. Anisia amecheka hivi, Anisia amenusa uzi vile. Mi nimechoka na jina lako na sijakuona. Naitwa Layla."

"Wewe ni nani wake, Layla?"

Layla alisogea kutoka nyuma ya cherehani. Alifuta kiti kwa kiganja, akamwonyesha akae. Anisia hakukaa.

"Mi niko mtoto wa tante, shangazi yake. Tumekulia sahani moja." Akavuta pumzi. "Na tena niko ule mwanamke mama yake, Zaituni, anataka amuoe. Bora usikie kwangu."

Anisia alishika nguzo ya baraza. Kumbe ndiyo hayo. Kumbe mama yake aliona mbali kuliko yeye.

"Kwa hiyo ni kweli."

"Iko kweli na haiko kweli. Zaituni anataka. Mi sitaki, kuolewa na Chabani ni kama kuolewa na kaka. Na yeye alikataa mbele ya wazee wote. Hakukuambia?"

"Hakuniambia."

"Bon. Basi kuna na ingine hakukuambia. Ingia ndani, juu mi nimechoka kulala nayo chumba kimoja."

Anisia aliingia kwa wasiwasi, mfuko wake ameukumbatia kifuani. Layla alimpeleka chumba cha nyuma, akavuta shuka lililofunika kitu kirefu ukutani.

Zilikuwa shali zake.

Zilikuwa zimekunjwa vizuri, moja juu ya nyingine, karibu kufika kifuani. Anisia alizijua kama mtu anavyojua sauti za watu wa nyumbani. Ile ya kijivu aliifuma mama alipolala na malaria. Ile ya rangi ya udongo aliifumua mara tatu kwa sababu msuko ulikataa kukaa sawa. Kofia zilikuwepo, na mitandio ya shingo, na soksi za mikono zenye vidole wazi alizobuni kwa ajili ya wauza maziwa wa alfajiri. Zote zilikuwepo.

"Aliniambia wanazigombania," alisema. Sauti ilimtoka ndogo.

"Nani wanazigombania? Panya."

"Lakini kila safari aliniletea pesa…"

"Alitoa kwake. Kwa mitumba yake. Mi nilimwambia, Chabani, sema kweli, mwanamke hajengewi nyumba na uongo. Ananiambia, nitasema juma ingine. Juma ingine haifiki."

Anisia aliketi sakafuni. Alikuja tayari kumkuta mwanamke, na mwanamke amemkuta. Hili hakulijia tayari. Msichana wa kambini alikuwa amejiona fundi. Mama yake alikuwa ameanza kuwaambia majirani kwamba kazi ya sindano si mchezo. Naye alilala kila usiku akiona shali zake mabegani mwa wanawake asiowajua, wakienda misa, wakienda harusini. Hakukuwa na hata mmoja. Kulikuwa na mwanamume mmoja tu aliyemhurumia.

"Na hii ya zambarau?" aliuliza. "Imefikaje kwako?"

Layla alitazama pembeni. "Zaituni aliirudisha. Alisema havai kitu ya mtoto wa kambi. Pole, dada."

Nje viatu viligonga ngazi, na sauti waliyoijua wote wawili ikaita, "Layla! Chai iko?"

Chabani aliingia na tabasamu, akamwona Anisia sakafuni, na tabasamu likamfia usoni. Alitazama shali. Alimtazama Layla. Akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeingia msibani.

"Anisia. Juu ya nini hukunipigia simu?"

"Nilikupigia jana. Uliniambia mama yako anaipenda sana."

Chabani aliigeuza kofia mikononi.

"Sema, Chabani. Leo sina haraka."

"Mara ya kwanza nilileta tatu," alisema polepole. "Nilizunguka nazo Gitega yote. Hakuna mtu. Nikarudi Muyinga, nikasema leo nitamwambia. We ukakuja unakimbia katikati ya soko, hata bonjour hukusema. Ukauliza, zimeuzwa? Ile macho yako, Anisia… mi sikuweza. Nikasema zote. Nilifikiri mara ya pili zitauzika kweli, na uongo itakufa yenyewe."

"Na Layla?"

"Layla haiko kitu! Nilikataa!"

"Nimesikia ulikataa. Nauliza kwa nini nimesikia kwake."

"Nilitaka usiumie."

"Ulitaka nisiumie!" Anisia alisimama. Machozi yalimjia, akayafuta kwa hasira, kwa kiwiko. "Unajua umenifanyia nini? Uliponiambia kazi yangu ni nzuri, nilikuamini. Uliponiambia mimi ni mzuri, nilikuamini. Uliponiambia unanipenda, nilikuamini. Sasa nichague lipi la kuamini? Yote yametoka mdomo mmoja."

"La mwisho iko kweli. Wallahi."

"Na shali pia ilikuwa wallahi."

Chabani alipiga hatua mbele. Alitaka kumshika mkono, ule mkono wa kushoto aliouzoea, lakini Anisia aliurudisha nyuma, na walitazamana hivyo. Ukweli ni kwamba Anisia alitamani kuegemea kifua kile na kulia mpaka amalize. Ndiyo sababu hakusogea.

Alimgeukia Layla. "Wewe ni fundi. Kwa nini hazinunuliwi?"

"Unataka nikuambie ama nikufurahishe?"

"Niambie."

Layla alichukua kitambaa cha imvutano kutoka kwenye kamba, akajivika juu ya gauni na kukifunga begani kama wanawake wanavyofanya siku za heshima. Juu yake akatupia ile shali ya kijivu. Imvutano ikapotea yote.

"Unaona? Mama wa hapa akienda harusi, hii njo heshima yake. Anataka ionekane. Shali yako iko kubwa kama blanketi, inafunika yote. Na akienda soko, mikono iko na kazi, inateleza, inaanguka." Akaigusa ile misuko kwa ncha za vidole. "Mkono wako ni mkono kweli. Mais ulifuma bila kuona bega ya mtu wa Gitega."

Maneno yale yaliuma, ila yalikuwa maumivu safi, kama kidonda kinapooshwa. Anisia alisimama pale akilitazama bega la Layla. Alilizunguka. Akaikunja shali ya kijivu nusu, akaikunja tena kwa upana, akaipitisha chini ya kwapa na kuirudisha juu ya bega la pili, lile lisilo na fundo.

"Una pini?"

Layla alimpa pini na kifungo cha koti. Chabani alijibanza ukutani, hakuna aliyemwambia atoke wala akae. Anisia alifumua ncha ya shali, akapunguza, akafunga upya kwa vidole vyepesi. Msuko wa kushoto sasa ulishuka begani kama njia ya kilimani, na imvutano ilionekana chini yake.

Wakati huo mteja akabisha barazani, akajipitisha mpaka chumba cha nyuma, mama mnene aliyefuata gauni lake. Alimwona Layla, akasahau gauni.

"Hii iko nini? Zunguka, nione. Layla, hii iko na bei?"

Anisia alimtazama Layla kwa shaka. Je, wamempanga huyu naye? Je, Chabani amemkonyeza? Aligeuka ghafla, Chabani alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama sakafu. Hiyo ndiyo sumu aliyomwachia: hata sifa ya mgeni sasa aliinusa kama uzi wa mtumba.

"Muulize mwenyewe," Layla alisema.

Mama yule alijaribu shali, akajigeuza huku na huku. Kisha akakunja uso. "Lakini kifungo hiki iko kibaya, ma fille. Cha koti ya mwanaume! Weka cha mti. Na kwa shingo inawasha kidogo."

Anisia akajikuta anacheka, machozi bado yako kwenye kope. Mtu aliyepangwa asingesema inawasha. "Nitaweka cha mti, mama," alisema. "Na shingoni nitabadilisha uzi."

"Basi hii weka ya kwangu."

Alipoondoka, Layla aliivua shali na kuiweka pembeni. Chabani aliinua macho.

"Anisia, mi naweza kufanya nini?"

"Jumapili uje Giteranyi. Mchana, watu wakiona. Uje na mkubwa wa ukoo wenu, umwambie mama yangu haya mawili uliyonificha, kwa mdomo wako mwenyewe."

"Mama yako atanifukuza."

"Inawezekana."

"Na we? We unasema nini?"

Anisia alijifunga kitenge chake kiunoni, akaanza kuchagua shali za kufumua. "Mimi nitakuwa nimekaa pale, nasikiliza."

*

Jumapili baada ya misa, Theodosia alijifungia jikoni na kukataa msaada. Wiki nzima Anisia alikuwa hajui mama yake ana nia gani. Alipomsimulia yote, Theodosia aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo anadanganya kwa sababu ya huruma?" Kisha akarudi kuchambua maharage.

Wageni walifika kwa baiskeli mbili, nguo zimejaa vumbi jekundu. Chabani alikuja na baba yake mdogo, mzee Hussein, mwenye ndevu nyeupe na adabu ya watu wa zamani. Zaituni hakuja, na hakuna aliyejifanya hakuliona hilo. Mjomba Crispin aliwakaribisha, salamu zikaenda na kurudi, za afya, za mashamba, za njia.

Kisha Chabani akapiga magoti kwenye mkeka mbele ya Theodosia, akasema. Alisema habari za Layla. Alisema habari za shali. Alisema mama yake bado hajakubali, na hajui atakubali lini. Hakujitetea.  Mzee Hussein alikuwa akitazama mikono yake. Anisia aliketi kizingitini, akitafuta usoni mwa mama yake dalili yoyote. Hakuiona.

"Nimesikia," Theodosia alisema. "Kwanza tule. Mgeni haongeleshwi akiwa na njaa."

Akaleta ndizi na maharage, akawapakulia mwenyewe, Chabani sahani kubwa kuliko wote. Crispin alitia tonge mdomoni na macho yakamtoka. Anisia alionja lake, na papo hapo ulimi ukamkauka. Chumvi. Si chumvi ya kupitiwa. Ni chumvi ya viganja. Alimtazama mama yake. Theodosia alikuwa anapeperusha nzi taratibu, wala hamwangalii mtu.

Mzee Hussein alitafuna, akameza kwa shida, akasema "Alhamdulillahi" kwa heshima. Chabani alimeza tonge la kwanza. Akanywa maji. Akachukua la pili.

"Baba," Theodosia alimwuliza Chabani kwa upole, "chakula kikoje?"

Hakuna mchumba aliyewahi kuulizwa swali hilo mbele ya wazee na akajibu vinginevyo. Kila mtu pale uani alijua jibu lake. Chabani alimtazama Theodosia, kisha Anisia. Anisia hakumsaidia hata kwa kope. Alitaka kujua, kwa moyo wake wote alitaka kujua, na aliogopa.

Chabani aliweka tonge chini.

"Mama," alisema, "unisamehe. Chumvi iko nyingi. Haikuliki."

Mzee Hussein akaziba uso kwa kiganja. "Chabani! Laa ilaha…"

 Theodosia alimtazama kijana yule kwa muda mrefu, kama anayepima kitambaa ambacho hana hakika kitatosha. Kisha akakusanya kila sahani, moja baada ya nyingine, na kumkabidhi binti yake.

"Anisia, wape kuku chakula hiki. Halafu ulete chungu kile cha kweli, kilicho nyuma ya mlango. Mambo ya msikiti na kanisa tutayaongea tukishashiba."